Notisi kwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepata wazo. Niliamka nalo, nikanyoa nalo, nikajikata kidevuni kwa ajili yake. Ni wazo zito.

Hali ni hii. Sisi tunatengeneza mfumo endeshi wa simu, yaani ile programu inayoifanya simu iwe simu badala ya kioo cha kujitazamia. Kampuni ya ng'ambo ya barabara, ambayo hapa kazini tunaiita Jirani, inatengeneza wake. Wao wakubwa, sisi wadogo. Toleo letu jipya limekamilika isipokuwa jambo moja: linamaliza chaji kabla ya saa sita mchana. Dawa ipo. Ni ufundi wa kuilaza simu usingizi bila kupitwa na ujumbe. Bahati mbaya hataza ya ufundi huo, ile haki ya mvumbuzi ya kuwakataza wengine, wanayo Jirani. Tukiutumia bila leseni yao watatuburuta mahakamani na habari yetu itaishia hapo.

Lakini na sisi tunayo hataza! Mhandisi wetu alibuni namna ya simu kukielewa kidole kinachotetemeka. Inakisubiri kitulie, inakisia kilikuwa kinaelekea wapi, ndipo inapokubali kwamba imeguswa. Sisi hatujawahi kuuweka ubunifu huo kwenye simu zetu. Jirani wameuweka kwenye zao, wameuita Subira, na hawakubisha hodi kwa mtu. Nimewanasa!

Mpango: nawapelekea notisi kali. Wao, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, watajibu kwa notisi kali zaidi. Sisi tutakasirika. Wao watakasirika. Kisha tutakaa mezani, tutakunywa chai, na kila upande utaupa mwenzake leseni. Wao wabaki na kidole, sisi tupate usingizi wa simu. Siku zote huwa hivyo. Hakuna anayetaka kushinda hasa. Kushinda ni ushamba.

Mkuu wa leseni kwa Jirani ni Shemeji, mume wa dada yangu. Hilo halihusiani kabisa na mpango wangu. Nimelitaja tu.

Jumanne, 5 Machi

Kikao. Mkurugenzi husikiliza akiwa amefumba macho. Wageni hudhani amelala, kisha anauliza swali moja tu na mtu anaanza kutafuta mlango. Leo ameuliza: je, wakiamua kuiondoa tu hiyo Subira yao? Nimecheka kwa heshima. Nimemweleza kwamba katika biashara hii watu huongeza vitu kwenye simu, hawaondoi. Mkurugenzi hakucheka.

Mhandisi amepinga. Huyu mama hana breki. Amesema Jirani wakibanwa, watakaoumia ni watu wenye mikono ya kutetemeka, na wengi wao ni wazee wanaoishi peke yao. Nikamwomba anitajie mmoja, mmoja tu. Akaniuliza kama mimi sina mzazi. Nikamjibu kwamba Mzee wangu alikuwa fundi saa maisha yake yote, na mkono wake ni imara kuliko meza hii. Meza ikayumba wakati huohuo. Imelegea mguu, wala haikuwa dalili ya chochote.

Notisi imevuka barabara kabla ya chakula cha mchana. Dirisha langu linatazamana na la Shemeji. Nimemwona akifungua bahasha. Akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena, akasoma tena. Kisha akasimama na kutazama upande wangu. Nikajificha nyuma ya pazia. Nikakumbuka mapazia yamepelekwa kufuliwa. Nikampungia mkono.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa Mzee. Mimi, Dada na Shemeji. Tangu Mama atutoke, Mzee anaishi peke yake katika nyumba ileile. Chumba cha mbele bado kina meza yake ya kazi, taa yake ya shingo ndefu, na saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Wana patano, yeye na Dada: kila asubuhi akiamka anampigia simu. Asipopiga, Dada anaacha kila kitu anakimbilia huko. Dada ni mkunga, ana vya kuacha vingi.

Simu yenyewe ni ya Jirani! Zawadi ya Shemeji. Imewekwa katikati ya meza kana kwamba ndiyo mgeni rasmi. Mara ngapi nimemwomba Mzee atumie yetu? Leo tena amekataa. Anasema anaipenda hii kwa sababu inamsubiri. Nimemweleza kwamba simu inayomsubirisha mtu ni simu mbovu. Ameniangalia kwa huruma.

Mzee alimimina chai, nusu ikaenda kwenye kikombe na nusu kwenye kitambaa cha meza. Ni vikombe vya Dada hivi, vipana mno, havina adabu. Shemeji akaichukua birika, akamimina yeye. Kujipendekeza kule!

Tulipotoka nje Shemeji aliniuliza polepole kama nina hakika na kile nilichowapelekea. Nikasema mambo ya kazi hayazungumzwi nyumbani kwa Mzee. Nilijisikia mtu mzima sana. Yeye akashusha pumzi, akaenda kuwasha gari.

Alhamisi, 14 Machi

Nimenunua biskuti za kikao. Zile zenye maziwa katikati, ili wajue hatuna njaa. Nimepanga viti pia. Vyetu virefu, vyao vifupi.

Jibu lao limefika. Ukurasa mmoja. Nilikaa, nikalegeza tai, nikajiandaa kutukanwa.

Hawakunitukana. Wanashukuru kwa kukumbushwa. Wanaheshimu haki zetu. Subira itaondolewa katika toleo lao jipya, ambalo watu watalipata Jumatatu. Wanatutakia kila la heri.

Kila la heri! Niligeuza karatasi kutafuta kitisho upande wa nyuma. Peupe. Nikakung'uta bahasha. Hakuna kitu. Watu gani hawa? Umemrushia mtu ngumi ili akushike mkono mkae mzungumze, naye anakaa chini na kusema pole, nimeshaanguka.

Nimemwambia Mkurugenzi kwamba tumeshinda. Ofisi nzima ikapiga makofi. Mhandisi hakupiga. Mkurugenzi akafumba macho, akauliza tumeshinda nini. Nikasema heshima. Akauliza heshima inaongeza chaji ya saa ngapi. Nikasema suala hilo linahitaji kuchunguzwa.

Biskuti nimezila mwenyewe. Kwenye kiti kifupi.

Jumatatu, 18 Machi

Dada amepiga simu akiwa na ile sauti yake ya chumba cha kujifungulia. Mzee hakupiga asubuhi. Alipofika mbio alimkuta mzima, amekasirika, simu mkononi. Alikuwa akihangaika nayo tangu aamke. Anagusa jina la Dada, kabla hajainua kidole kimeshagusa majina mengine mawili. Amempigia fundi bomba. Amempigia mtu aliyemuuzia friji zamani. Ametuma picha ya dari kwenye kikundi cha ukoo mzima, na Baba Mdogo ameuliza kama nyumba inavuja na michango ianze lini.

Dada alimuuliza mumewe simu imeingiwa na nini. Shemeji akamwambia Subira imeondolewa. Kwa nini? Akamwambia amuulize kaka yake.

Nikamweleza Dada kwamba hii ni sekta yenye mambo mengi. Akasema mikono ya baba yetu inatetemeka tangu mwaka juzi, ukoo wote unajua, na ni mimi peke yangu sijaona. Nikasema tuanze kwa kubadilisha vikombe.

Amenikatia simu.

Jumatano, 20 Machi

Nimejitolea. Nimempelekea Mzee simu yetu, toleo jipya kabisa ambalo hata dukani halijafika. Nikamwekea majina yote kwa herufi kubwa. Akanishukuru, akavaa miwani, akajaribu kumpigia Dada. Wakaitika zimamoto. Mzee aliwaomba radhi kwa adabu zake zote. Akajaribu tena. Wakaitika zimamoto, safari hii wakiwa wakali. Hatukujaribu mara ya tatu kwa sababu chaji iliisha.

Nikarudi ofisini moja kwa moja kwa Mhandisi. Kwa nini ubunifu wetu wenyewe haumo kwenye simu zetu wenyewe? Akasema ingechukua miezi kuuingiza, na hakuwahi kuruhusiwa kuanza, kwa sababu kitengo changu kilisema hataza ni kama suti ya harusi, ukiivaa kila siku inachakaa. Sikumbuki kusema hivyo. Ni maneno mazuri, lakini.

Kuna jambo jingine na nitaliandika ingawa halina faida kwa mtu. Kabla sijaondoka niliushika mkono wa Mzee nimwonyeshe pa kugusa. Mkono uleule uliokuwa ukiokota skrubu ambazo mimi hata kuziona sikuweza. Unatetemeka. Niliubana kidogo ili utulie, haukutulia. Vikombe havina kosa. Niliona aibu, nikajifanya natafuta funguo za gari.

Ijumaa, 22 Machi

Siku mbaya.

Dada alikuwa zamu tangu jana. Aliniomba jambo moja tu: asubuhi nipite kwa Mzee kabla ya kazi. Nilikuwa na kikao cha kueleza ushindi wetu. Nikatazama simu yangu. Hakuna aliyenipigia. Nikasema moyoni, kama kuna tatizo Mzee angepiga. Nikaenda kikaoni.

Mzee aliteleza bafuni kabla hata ya kuchemsha chai. Alikuwa na simu yake ya Jirani mfukoni. Akaitoa. Amelala sakafuni, nyonga inamuuma, anatafuta jina langu kwa kidole kile, na simu inampeleka kila mahali isipokuwa kwangu.

Aliyemkuta ni fundi bomba. Fundi aliniambia mwenyewe, kofia mkononi, kwamba asubuhi yote simu yake ililia, akiitika anasikia mtu anahema na kitu kinagonga vigae. Alidhani ni mhuni anamchezea. Mchana ulipofika uvumilivu ulimwishia, akaja kugombana. Alipogonga alisikia sauti ndogo ikisema karibu, sukuma tu. Amempandisha Mzee kwenye gari lake, katikati ya mabomba, akamfikisha hospitali.

Daktari anasema nyonga haijavunjika, imeumia tu, na kwamba tumeponea chupuchupu. Niliposogea kitandani Mzee aliniomba msamaha kwa kunisumbua kazini. Mimi! Aliniomba msamaha mimi. Nilitoka kwenye varanda nikasimama nikitazama ukuta. Nimeogopa leo kuliko nilivyowahi kuogopa.

Jumamosi, 23 Machi

Hospitali. Shemeji alikuwa amefika kabla yangu, na chupa ya supu, na soksi safi za Mzee. Safari hii sikumwona kama anajipendekeza.

Tulikaa kwenye benchi la varandani. Akaniambia kwamba notisi ilipofika aliwashauri wakubwa wake watuombe leseni. Wakubwa wakauliza njia ipi ni rahisi zaidi. Wanasheria wakajibu: kuondoa. Wakaondoa, wakaenda kula. Alitaka kunieleza siku ile nyumbani kwa Mzee, nikamfungia mlango wa maneno.

Kisha akanigeukia. "Shem, nipe karatasi moja tu. Mseme mnaturuhusu bure. Wakubwa nimeshaongea nao, wamekubali. Ukinipa tu, Subira inarudi wiki hiihii."

Nikasema ndiyo. Hapohapo, bila masharti, bila kufikiri! Nikampa mkono. Nikalia kidogo. Akanipa leso yake, akaniambia nikae nayo. Dada alitukuta hivyo, akaketi kati yetu, akasema neno la kwanza kwangu tangu Mzee aanguke. Aliniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemweleza Mkurugenzi kila kitu. Leo alisikiliza macho wazi. Akasema tutoe leseni bure na tuache kujifanya. Kuhusu chaji yetu, atakwenda mwenyewe kwa Jirani kuomba kistaarabu. Mhandisi akaiandika karatasi kabla sijarudi mezani kwangu. Mistari michache. Mkurugenzi ameshatia sahihi. Inangoja yangu tu, kwa kuwa hataza zote ziko chini ya kitengo changu. Mhandisi alinishika bega alipoiweka. Hajawahi.

Mzee ameruhusiwa leo, yuko nyumbani, Dada na Shemeji wako naye. Nitapita nimsalimu kesho asubuhi, kisha niisaini nikiwa nimetulia. Nataka kuisaini vizuri. Kalamu nimeshachagua. Mimi ni mtu mwingine sasa. Nimejifunza kwamba nyuma ya kila hataza kuna mkono wa mtu, na nimeyaandika haya hapa ili nisije nikasahau.

Jumanne, 26 Machi

Nimepita kwa Mzee. Alikuwa kitandani, ameegemea mito miwili. Dada alimwambia asijisumbue na simu, Subira inarudi wiki hii, kaka anatia sahihi leo. Mzee akasema hana haja ya kusubiri. Akailaza simu juu ya mto, akainama polepole, akabonyeza kwa ncha ya pua.

Simu ya Dada ikalia.

Mzee akainuka, akafuta kioo kwa mkono wa fulana, akasema katika mwili wake wote pua ndiyo kiungo pekee kilichobaki na nidhamu. Alikuwa anajaribu kutuchekesha. Dada aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Shemeji alitoka nje. Fundi saa mzima, na shingo imejikunja vile.

Mimi niliitazama pua.

Haitetemeki! Nimeichunguza vizuri. Mkono unakwenda huku na huku, kichwa nacho kidogo, lakini akishaegemeza kidevu kwenye mto, pua inatulia tuli. Kidole anacho, hakimtii. Pua inamtii. Na ni nani mwenye hataza ya pua?

Nimekuwa ofisini tangu saa nne nikitafuta. Hakuna! Kuna ya sikio, ya jicho, ya goti sijui la nini. Pua imekaa wazi katikati ya uso wa kila mtu na hakuna aliyeifikiria. Nimeanza kuandika maombi: Njia ya Kuamuru Simu kwa Ncha ya Pua. Mchoro wa kwanza ninao. Kabla ya kuondoka nilimpima Mzee kwa rula, nikamwambia ni kwa ajili ya miwani mipya. Akaniambia Mungu anibariki.

Sasa, ile karatasi. Sijaikataa. Hakuna anayeweza kusema nimeikataa. Ila nikiisaini leo, Subira inarudi, watu wanarudia vidole vyao, na pua itamfaa nani? Nimeiweka kwenye droo, kalamu juu yake, kwa wiki mbili tatu hivi, mpaka maombi yapokelewe. Kisha nitampelekea Shemeji notisi. Kali. Safari hii hawana ujanja. Subira waliweza kuiondoa. Waiondoe pua tuone! Watakuja wenyewe, na usingizi wa simu mkononi, na Mkurugenzi hatakuwa na haja ya kwenda kumwomba mtu. Dada amepiga kuuliza kama tayari. Nimemwambia iko kwenye utaratibu.

Kilichobaki ni ushahidi kwamba njia inafanya kazi. Wakaguzi wa hataza hutaka majaribio.

Simu yangu inalia. Ni Mzee. Amelipata jina langu moja kwa moja, hakupitia kwa fundi bomba wala zimamoto. Ajabu! Nimeiweka mezani niitazame ikilia, na nimeandika pembeni: jaribio la kwanza, limefaulu.

Imekatika. Inalia tena.

Jaribio la pili, limefaulu.